Jicho la jamaa ndilo ngao ya mwenye ulemavu makaoni

WAHENGA walinena kuwa hujafa hujaumbika. Ulemavu hauchagui ukoo wala haubagui tajiri na maskini, na mara nyingi huingia nyumbani bila kubisha hodi.

Familia nyingi hufikia siku ambapo haziwezi tena kumtunza mmoja wao nyumbani. Mama aliyekuwa akimlisha na kumwogesha amezeeka. Ndugu wametawanyika mijini kutafuta riziki. Naye anayehitaji kupewa dawa za kifafa kwa saa zake, au kugeuzwa kitandani usiku, hana wa kushinda naye. Hapo ndipo huanza safari ya kutafuta makao ambako watu baki watalipwa, au watajitolea, kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na damu yake.

Kumpeleka jamaa makaoni si kumtupa. Makao mazuri humpatia mtu lishe, matibabu, wenzake wa kuzungumza nao na mafunzo ambayo pengine hangeyapata nyumbani. Balaa huanza pale familia inapodhani kwamba ikishatia saini karatasi na kumkabidhi kwa msimamizi, kazi yake imekwisha.

Matukio ya miaka ya karibuni katika mataifa mbalimbali yamedhihirisha kwamba usalama wa mtu anayeishi makaoni hauletwi na ukubwa wa jengo, wingi wa ada wala nembo ya serikali langoni pekee. Hutegemea pia iwapo yupo mtu wa nje anayemjua kwa jina, anayemtembelea mara kwa mara na asiyeogopa kuuliza maswali.

MKASA WA GAUTENG

Mfano mchungu zaidi barani Afrika ni ule wa Afrika Kusini unaojulikana kama mkasa wa Life Esidimeni.

Kwa miongo kadhaa, Idara ya Afya ya mkoa wa Gauteng, iliko miji ya Johannesburg na Pretoria, ilikuwa ikiilipa kampuni ya Life Esidimeni kuwatunza watu wenye maradhi sugu ya akili na wenye ulemavu wa akili waliohitaji uangalizi wa kila siku. Wengi wao walikuwa wameishi huko kwa miaka mingi. Miongoni mwao walikuwemo wasioweza kuzungumza, kujilisha wala kutaja majina yao.

Mnamo Oktoba 2015, aliyekuwa waziri wa afya wa mkoa huo, Bi Qedani Mahlangu, alitangaza kwamba mkataba na kampuni hiyo ungekatizwa. Sababu zilizotolewa ni kupunguza gharama na kutekeleza sera ya kuwatoa wagonjwa katika taasisi kubwa ili watunzwe karibu na jamii zao.

Sera yenyewe haikuwa na kasoro. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Afrika Kusini iliuidhinisha mwaka wa 2007, kinatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi katika jamii kama wengine. Kilichokosekana ni maandalizi. Idara ilikuwa ikilipa randi 320 kwa siku kwa kila mtu aliyekuwa Life Esidimeni. Mashirika yasiyo ya kiserikali ambayo yangewapokea watu hao yalitengewa randi 112.

Jamaa hawakukaa kimya. Waliunda kamati yao, wakahudhuria mikutano na maafisa wa idara na kuuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye uchungu angeuliza: Ndugu zetu watapelekwa wapi? Nani atawapa dawa? Nani amekagua nyumba hizo?

Mnamo Desemba 2015 suala hilo lilifikishwa mahakamani kwa usaidizi wa chama cha kutetea wenye maradhi ya akili, SADAG, na shirika la mawakili la SECTION27. Idara ikaahidi kushauriana na familia kabla ya kumhamisha yeyote. Machi 2016 watetezi hao walirejea kortini kutaka kuzuia baadhi ya wagonjwa wasipelekwe katika makao fulani ya Soweto. Ombi hilo lilikataliwa.

Kufikia mwisho wa Juni 2016, vituo hivyo vilikuwa vimefungwa. Zaidi ya wagonjwa 1,700 waliathiriwa na hatua hiyo. Wapo waliosafirishwa kwa pikapu zilizo wazi, na wapo waliofungwa kwa shuka wasianguke. Wengine walifika katika makao mapya bila dawa, bila rekodi za matibabu na bila kitambulisho, hata waliowapokea wasijue wanampokea nani na anaugua nini.

Familia nyingi hazikuambiwa ndugu zao walikopelekwa. Ziliachwa zikizunguka kutoka makao hadi makao zikitaja majina. Baadhi ziliwapata jamaa zao wakiwa wamekonda, wanatetemeka kwa baridi na wanaomba chakula. Nyingine zilielekezwa kwenye vyumba vya kuhifadhia maiti.

Mnamo Septemba 2016 Bi Mahlangu aliliarifu bunge la mkoa kwamba watu 36 walikuwa wamefariki. Taarifa hiyo ilizua uchunguzi uliofanywa na Mchunguzi wa Malalamishi ya Afya nchini humo, Profesa Malegapuru Makgoba. Ripoti yake, iliyotolewa Februari 1, 2017, ilisema kuwa waliokufa walikuwa 94 na kwamba hesabu ilikuwa ikiendelea. Ilibainisha pia kwamba mashirika yote 27 yaliyowapokea wagonjwa yalikuwa yakihudumu kwa leseni zisizo halali. Bi Mahlangu alijiuzulu ripoti hiyo ilipokuwa karibu kutangazwa.

Kati ya Oktoba 2017 na Februari 2018, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini, Bw Dikgang Moseneke, aliongoza vikao vya usuluhishi baina ya serikali na familia hizo. Kwa siku 45 alisikiliza mashahidi 60. Katika uamuzi wake wa Machi 19, 2018, alithibitisha kwamba watu 144 walikuwa wamefariki, kwamba wengine 1,418 walinusurika baada ya kuteswa na kupuuzwa, na kwamba wakati huo haikujulikana watu 44 walikuwa wapi. Aliagiza serikali ilipe randi milioni 1.2 kwa kila dai lililofikishwa mbele yake, ambapo randi milioni moja zilikuwa fidia ya kukiukwa kwa haki za kikatiba.

Miaka sita baadaye, mnamo Julai 10, 2024, Jaji Mmonoa Teffo, aliyeendesha uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo, aliamua kwamba vifo vya watu tisa vilitokana na uzembe wa Bi Mahlangu na aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili katika mkoa huo, Dkt Makgabo Manamela.

Mkasa huo una mafunzo mawili yanayokinzana. La kwanza ni kwamba jamaa wanaweza kuona hatari mapema kuliko wataalamu, wakasema ukweli, na bado wakapuuzwa. La pili ni kwamba bila wao ukweli ungezikwa pamoja na marehemu. Ni familia zilizokataa kunyamaza zilizowezesha hesabu ya vifo kutoka 36 hadi 144, kila mmoja akitajwa kwa jina lake.

SI AFRIKA PEKEE

Yeyote anayedhani kwamba maovu hayo hutokana na umaskini wa bara hili anafaa kutazama yaliyotokea Uingereza.

Winterbourne View ilikuwa hospitali ya kibinafsi karibu na mji wa Bristol, iliyowatunza watu wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Gharama ya kumweka mtu mmoja ilikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi humo aliwaandikia wasimamizi wake na kuiarifu taasisi inayokagua huduma hizo kwamba wagonjwa walikuwa wakidhulumiwa. Hakuna aliyechukua hatua.

Mwishoni mwa Mei 2011, kipindi cha Panorama cha shirika la BBC kilionyesha picha zilizopigwa kisiri na mwanahabari aliyeajiriwa humo kama mtunzaji. Watazamaji waliona wagonjwa wakizabwa makofi, wakiburutwa sakafuni na kumwagiwa maji. Wafanyakazi 11 walihukumiwa mnamo Oktoba 2012, na sita kati yao wakafungwa jela. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba jamaa waliofika kuwaona wapendwa wao hawakuwa wakiruhusiwa kufika katika vyumba vyao vya kulala. Walipokewa katika chumba cha wageni, wakaondoka wakiamini mambo ni shwari.

Nchini Australia nako, mwanamke aliyekuwa na ulemavu wa viungo alifariki mjini Adelaide mnamo Aprili 2020 akiwa na utapiamlo na vidonda vibaya vilivyotokana na kukalishwa kwenye kiti kimoja mchana na usiku kwa muda mrefu. Alikuwa akiishi nyumbani kwake chini ya uangalizi uliogharamiwa na mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja tu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na hapakuwa na mwingine aliyeingia kumjulia hali. Mtunzaji huyo baadaye alikiri kosa la kuua bila kukusudia.

Mikasa hiyo mitatu inatofautiana kwa mengi, lakini ina shina moja, nalo ni kufichika. Gauteng watu walifichwa kwa kuhamishwa bila taarifa. Bristol walifichwa kwa mlango uliofungwa. Adelaide mwathiriwa alifichwa na upweke.

SHERIA INASEMAJE

Hapa Kenya, jamaa anayetetea usalama wa mwenzake hategemei huruma ya msimamizi. Anayo sheria mkononi.

Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda hadhi ya kila mtu. Kifungu cha 29 kinakataza mtu kutendewa ukatili au kuadhibiwa kwa namna ya kinyama, iwe na afisa wa serikali au na mtu wa kibinafsi. Kifungu cha 54 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na hata kutajwa kwa maneno yasiyomdunisha. Mhudumu anayemwita mkazi wa makao kwa jina la ulemavu wake badala ya jina lake halisi tayari amekiuka kifungu hicho, kabla hata hajainua mkono.

Kifungu cha 22 kina uzito wa pekee kwa familia. Kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kufanya hivyo mwenyewe. Kwa hivyo, kaka, shangazi au hata jirani hawezi kufukuzwa kortini kwa madai kwamba haki iliyovunjwa si yake.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mnamo Mei 2008. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinayataka mataifa kuhakikisha kwamba vituo na huduma zote za watu wenye ulemavu zinakaguliwa na vyombo huru, yaani si na wale wale wanaoviendesha. Fauka ya hayo, mwaka wa 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka wa 2003.

Kuna dhana kwamba mtu asiyeweza kuzungumza vizuri, au mwenye ulemavu wa akili, hawezi kutoa ushahidi. Dhana hiyo imewaacha huru wahalifu wengi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu mahakama kumpa mlalamishi msaidizi wa kumwezesha kuwasiliana, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 ina kanuni za kuwalinda mashahidi wa aina hiyo.

KABLA YA KUMKABIDHI

Utetezi huanza kabla mtu hajahama. Jamaa anapoyazuru makao kwa mara ya kwanza, anafaa kuomba kuona cheti cha usajili na kusoma kilisajiliwa kwa jina gani, kwa huduma gani na kama muda wake haujapita. Funzo la Gauteng ni kwamba leseni inaweza kuning'inia ukutani na isiwe halali. Ni busara kuthibitisha habari hizo katika afisi iliyotajwa kwenye cheti hicho.

Maswali ya kuuliza ni ya kawaida kabisa. Usiku kuna wahudumu wangapi na wanawatunza watu wangapi? Nani amesomea kutoa dawa? Dawa hufungiwa wapi? Mtu akiugua ghafla anapelekwa hospitali gani, na kwa gari la nani? Moto ukizuka, asiyeweza kutembea atatolewaje? Nani huwaogesha wanawake na wasichana?

Msimamizi mwenye nia njema hujibu maswali hayo bila kununa. Anayejibu kwa kusema "hapa tunamwachia Mungu" au anayekasirika, amejibu pia.

Jambo jingine la maana ni kuandika. Familia inafaa kutayarisha karatasi yenye jina la jamaa wao, picha yake, maradhi yake, dawa zake na vipimo vyake, vyakula vinavyomdhuru, namna anavyoonyesha kwamba ana njaa, maumivu au hofu, na nambari za simu za watu angalau wawili. Nakala moja hubaki makaoni, na nyingine hubaki nyumbani. Kama kila mmoja wa wale waliohamishwa Gauteng angefika na karatasi kama hiyo, waliompokea wangejua ni nani na anahitaji nini.

Aidha, makubaliano na makao yatiwe katika maandishi, na yaseme wazi kwamba jamaa huyo hatahamishwa wala kubadilishiwa dawa bila familia kuarifiwa.

ISHARA ZA HATARI

Baada ya hapo, kazi kubwa ni kuzuru. Ziara iliyotangazwa wiki mbili kabla huonyesha makao yaliyofagiliwa. Ziara ya ghafla, kwa saa zenye adabu, huonyesha makao yalivyo. Inafaa jamaa abadilishe siku na saa: leo wakati wa chakula cha mchana, mwezi ujao jioni, siku nyingine mwisho wa wiki, ambapo wahudumu huwa wachache.

Akifika, asikubali kuishia sebuleni. Aombe kuona kitanda, msala na mahali pa kuogea. Atazame kama godoro lina unyevu, kama kuna blanketi ya kutosha, kama viatu na nguo alizonunuliwa ndugu yake bado ziko. Amtazame mwenyewe: uzani wake, midomo yake kama imekauka, ngozi ya mgongo, makalio na visigino ambako vidonda vya kulala mahali pamoja huanzia.

Si kila alama ni dhuluma. Mtu mwenye kifafa huanguka, na anayetembea kwa shida hujigonga. Lakini alama za vidole mikononi, michubuko kwenye vifundo inayofanana na ya kufungwa kamba, majeraha yanayoelezwa kwa visa tofauti na wahudumu tofauti, au majeraha yanayorudi mahali pale pale, hayana budi kuulizwa.

Mabadiliko ya tabia yana lugha yake pia. Mtu aliyekuwa mchangamfu akianza kujikunyata mhudumu fulani anapoingia, akikataa kuogeshwa, akianza kukojoa kitandani au akisinzia kutwa kana kwamba amepewa dawa kupita kiasi, anasema jambo ambalo pengine kinywa chake hakiwezi kulitamka.

Naye apewe nafasi ya kulitamka. Kila ziara iwe na muda wa faragha, bila mhudumu kusikiliza. Kwa asiyezungumza, maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, kwa picha au kwa ishara yanaweza kufichua mengi. Kumtetea mtu si kumsemea huku yeye mwenyewe ameketi pale kama mzigo. Kifungu cha 12 cha mkataba uliotajwa kinatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria, na maoni yake kuhusu anakotaka kuishi ndiyo ya kwanza kuulizwa.

NGAZI ZA MALALAMISHI

Hofu inayowafunga wengi vinywa ni moja: nikilalamika watamtesa zaidi, au watamfukuza, nami sina kwingine pa kumpeleka. Hofu hiyo haina upuuzi wowote. Ndiyo maana namna ya kulalamika ina maana sawa na malalamishi yenyewe.

Kwa mambo madogo, kama vile nguo kupotea au chakula kupoa, mazungumzo ya heshima na mhudumu husika hutosha. Wahudumu wengi hufanya kazi ngumu kwa malipo duni, na jamaa anayewajua kwa majina na kuwashukuru hupata habari ambazo mgomvi hazipati. Mara nyingi ni mpishi au bawabu anayenong'ona kwamba usiku kuna jambo linaloendelea.

Jambo likirudi, malalamishi yaandikwe. Barua fupi yenye tarehe, kilichoonekana, jina la aliyeelezwa na kinachotakiwa kifanyike ina nguvu kuliko makelele ya saa nzima. Jamaa abaki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa saini ya kupokewa. Ni vyema pia kuwa na daftari la ziara, ambamo huandikwa kila tarehe na kila kilichoonekana. Ushahidi wa familia za Gauteng ulikuwa na uzito kwa sababu wengi wao walikumbuka siku waliyopiga simu, waliyezungumza naye na jibu walilopewa.

Msimamizi asipochukua hatua, kuna ngazi za juu: wamiliki au kamati ya makao, afisi iliyoyasajili, serikali ya kaunti, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na, iwapo kituo ni cha umma au afisi ya umma inazembea, Tume ya Haki za Utawala. Kwa mtoto, nambari ya simu 116 hupigwa bila malipo.

Hata hivyo, yapo mambo yasiyongojea barua. Kipigo, ubakaji, kunyimwa chakula au dawa ni uhalifu, wala si suala la nidhamu la kusuluhishwa kwa kikombe cha chai afisini. Hapo kinachohitajika ni kumtoa mwathiriwa hatarini, kumpeleka hospitalini na kupiga ripoti katika kituo cha polisi. Jamaa asiondoke bila nambari ya OB, na ahakikishe fomu ya P3 imejazwa na daktari. Palipo na shaka ya ubakaji, mwathiriwa asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe, na afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Mhudumu anayefichua maovu naye anahitaji kulindwa. Familia inayopokea habari kutoka kwake isimtaje ovyo, kwani akifutwa kazi, jicho la ndani litakuwa limefumbwa.

UMOJA NDIO NGUVU

Sauti ya jamaa mmoja huweza kuitwa usumbufu. Sauti ya familia ishirini ni vigumu kuipa jina hilo. Wazazi na ndugu wa wakazi wa makao mamoja wanafaa kufahamiana, kubadilishana nambari za simu na kugawana siku za kuzuru, ili wiki isipite bila mmoja wao kupitia lango hilo. Atakayemzuru nduguye atamtazama pia wa mwenzake aliye Mombasa, Turkana au ng'ambo.

Umoja huo humfaa zaidi yule asiye na mtu. Katika makao mengi wapo waliotelekezwa, ambao jina la ukoo wao halijulikani tena. Hao ndio huwa wa kwanza kudhulumiwa kwa sababu mdhalimu anajua hakuna atakayeuliza. Kanisa, msikiti, chama cha akina mama au wanafunzi wa shule jirani wanaweza kuwa ukoo wao.

Familia pia haina budi kufikiria kesho. Mzazi anayemzuru mwanawe kila mwezi atakufa siku moja, na ziara hizo zisife naye. Ni vyema aanze mapema kuandamana na mmoja wa watoto wake wengine au mpwa wake, ili mwenye ulemavu amzoee, naye ajifunze kusoma uso wake. Mwanamke wa Adelaide hakukosa pesa za serikali. Alikosa mtu wa kuurithi wajibu wa wazazi wake.

Uchungu wa mwana, wasema wahenga, aujuaye ni mzazi. Lakini makaoni uchungu huo hauna budi kuingia langoni, kuomba kuona kitanda, kuandika tarehe kwenye daftari na kurudi tena mwezi ujao. Familia za Gauteng zilipewa fidia na hukumu, na kila moja ingefurahia kuvibadilisha vyote viwili kwa jibu la swali zilizouliza mapema, wakati ndugu zao walipokuwa wangali hai: Mnawapeleka wapi?